Karamu ya Samaki-Simba Ugenini

Kuanzia Lamu hadi Mtwara hakuna mvuvi wa dema wala mchokoaji wa pweza asiyemjua yule samaki wa milia myekundu na myeupe, mwenye mapezi marefu yaliyochanika mithili ya upepeo wa ukindu uliochakaa, ambaye mchana kutwa hujibanza chini ya ukingo wa jabali, pengine kichwa chini na tumbo juu, asiyekimbia hata mtu akimkaribia kiasi cha kumgusa. Sokoni hana bei, na barazani hana masimulizi. Hutajwa pale tu mtu anapodungwa na miiba yake, mguu ukatiwa katika maji ya moto kadiri mgonjwa anavyoweza kustahimili, kwa kuwa sumu ile huvunjwa na joto, kisha maumivu yakapoa na habari yake ikasahauliwa. Ni mwenyeji miongoni mwa wenyeji, naye hula riziki yake kwa kiasi ambacho jirani zake wamekizoea tangu dahari. Kwa hiyo ni ajabu kubwa kwamba samaki wa ukoo huo huo, alipofikishwa na mkono wa binadamu upande wa pili wa dunia, alitokea kuwa balaa ambayo kwayo serikali zimetunga sheria, vyuo vikuu vimetuma wapiga mbizi, na wapishi wa mahoteli wameombwa kutia visu mkononi.

Mabingwa wa elimu ya viumbe hutambua aina mbili zilizofanana mno, hata jicho la kawaida haliwezi kuzitenganisha: Pterois miles, ambaye makazi yake ya asili ni Bahari ya Shamu na upande huu wetu wa Bahari ya Hindi, na Pterois volitans, ambaye asili yake hasa ni Pasifiki. Wote wawili wamefika Atlantiki, ingawa huyo wa pili ndiye aliyeenea zaidi. Hawakuogelea kwenda huko. Walichukuliwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo, wakauzwa Marekani kwa watu wapendao kuwafuga katika matangi ya vioo sebuleni. Na mfugaji akichoka naye, au samaki mwenyewe akiisha kuwameza wenzake wote waliomo tangini, huona huruma kumwua, akaenda kumwachilia baharini huku akidhani kwamba ametenda hisani. Wa kwanza kujulikana alipatikana mwaka 1985 karibu na Dania Beach, katika jimbo la Florida. Kwa miaka mingi ilivuma pia hadithi ya tangi lililovunjwa na kimbunga Andrew mwaka 1992, samaki sita wakatorokea Ghuba ya Biscayne, nayo ni hadithi tamu ambayo waandishi hawakuchoka kuirudia. Lakini huyo wa Dania Beach alikwisha kutangulia kwa miaka saba, na hata yule bingwa aliyeitangaza hadithi ya kimbunga aliitilia shaka mwenyewe baadaye. Tusikisingizie kimbunga dhambi ya watu.

Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi hapakuwa na la kutisha. Kuanzia mwaka 2000 ndipo walipoonekana kwa wingi kaskazini hadi Carolina ya Kaskazini na kisiwa cha Bermuda. Mwaka 2004 wakawa wamefika Bahama, 2007 Kuba, 2008 Belize, 2009 Bonaire, 2010 kaskazini mwa Ghuba ya Meksiko, na mwaka 2014 mmoja akapatikana Arraial do Cabo, pwani ya Brazili. Mwendo huo wa kasi hauna muujiza ndani yake. Jike mmoja katika maji ya joto hutaga kila baada ya siku mbili, tatu au nne, mwaka mzima, hata jumla ya mayai yake hukaribia milioni mbili. Nayo hutoka yakiwa yameshikamana katika mafungu mawili ya utelezi yanayoelea juu ya maji, kisha watoto huchukuliwa na mkondo kwa muda wa wiki tatu hadi tano kabla ya kushuka kutafuta jabali la kukaa. Hajatimiza hata mwaka, naye mtoto huyo amekwisha kuwa mzazi.

Lakini wingi wa mayai peke yake hauelezi msiba huu, maana baharini wako samaki wengi wazaao kupita kiasi ambao hawamdhuru mtu. Yafaa kumtazama samaki-simba akiwinda, saa za alfajiri au magharibi, wakati nuru inapokuwa haba na samaki wa mchana na wa usiku wanapopishana zamu. Hutoka chini ya ukingo wake polepole, bila ya kutikisa mkia, akayatandaza mapezi yake mawili ya ubavuni mpaka yakawa kama kizuizi kulia na kushoto, akamsogeza samaki mdogo kwenye pembe ya jabali, shubiri kwa shubiri. Huyo mdogo humwona, kwa maana hakuna kilichofichika. Walakini anachokiona hakifanani na adui yeyote aliyepata kumwona yeye au mama zake, kwa kuwa chewa na mkunga wa bahari zile huja kwa ghafla au kwa kunyemelea shimoni, wala hawaji wamejitandaza hadharani. Kisha mwindaji, akiwa amebakiza masafa mafupi, pengine hupuliza maji kwa kinywa chake kumwelekea windo. Na kwa kuwa ni tabia ya samaki kuuelekea mkondo unaompiga, yule mdogo hugeuka, akamkabili mlaji wake uso kwa uso. Hapo kinywa hufunguka kwa kufumba na kufumbua, maji yakaingia na samaki ndani yake, kichwa kikitangulia, ili miiba na mapezi ya aliyemezwa yalale na yasikwame kooni. Watafiti huko Bahama waliwahi kumshuhudia mmoja akimeza samaki wadogo ishirini katika nusu saa.

Na ukipasuliwa mfuko wa chakula chake mezani, baada ya miiba yote kumi na minane kukatwa kwa mkasi, kumi na mitatu ya mgongoni, mitatu ya nyuma ya tumbo na miwili ya mapezi ya chini, unakuta ndani ya kifuko hicho mpango wa tabaka: juu yuko aliyemezwa asubuhi hiyo, jicho lingali linang'aa na rangi zake hazijafifia, chini yake yuko aliyekwisha kupoteza ngozi, na chini kabisa hapana ila uti wa mgongo na vijiwe vya masikio, ambavyo bingwa huvitambua kwa darubini au kwa kupima vinasaba. James Morris na Lad Akins, ambao mwaka 2009 walitoa hesabu ya matumbo zaidi ya elfu moja kutoka visiwa vyote vya Bahama, walikuta ndani yake samaki wa aina 41 kutoka koo 21, mbali na kamba na kaa. Walio wachanga hula kamba wengi zaidi. Kadiri wanavyokua ndivyo wanavyoelekea samaki. Kifuko chenyewe kinaweza kutanuka hata mara thelathini ya ukubwa wake wa kawaida, na windo lenyewe pengine huzidi nusu ya urefu wa aliyelimeza. Hawabagui: katika Ghuba ya Meksiko yamepatikana matumboni mwao mabaki ya watoto wa samaki-simba wenyewe. Na tena, jambo ambalo kwa samaki wa porini ni nadra, wengine wamekutwa matumbo yamezungukwa na mafuta meupe mazito, kama ya mtu aishiye kwa karamu asiyejua njaa ya mfungo.

Katika kiangazi cha mwaka 2007, Mark Albins na Mark Hixon wa chuo kikuu cha Oregon State walikwenda karibu na kisiwa cha Lee Stocking, katika safu ya Exuma ya Bahama, wakachagua vijabali vidogo vya matumbawe vilivyotengana kwa mchanga, wakaweka samaki-simba mmoja mmoja katika baadhi yake, na vingine wakaviacha bila mgeni. Kila msimu, katika vijabali kama hivyo, hushuka kutoka bahari kuu watoto wapya wa samaki wa kila namna, wadogo kama ukucha, ndio mazao ya mwaka ule. Baada ya wiki tano walihesabu, wakaona kwamba pale alipokaa samaki-simba mmoja nyongeza ya watoto hao ilikuwa imepungua kwa asilimia 79. Yaani kati ya watano ambao wangeongezeka hakusalia ila mmoja. Huo ni mlaji mmoja, na jabali dogo. Kusini-magharibi mwa New Providence, kisiwa chenye mji mkuu wa Nassau, walihesabiwa karibu mia nne katika hekta moja. Na huko Stephanie Green na wenzake, waliofuatilia miamba tangu 2008 hadi 2010, waliona samaki-simba wakifikia karibu asilimia 40 ya uzito wa samaki walao samaki wote, na katika miaka hiyo miwili uzito wa jumla wa samaki wa aina 42 wanaoliwa naye ukashuka kwa wastani wa asilimia 65.

Hasara haiishii kwa walioliwa. Miongoni mwao wamo wale wadogo wenye ada ya kuwaokotea samaki wakubwa vimelea vya ngozini, kazi ambayo ikikosa wa kuifanya mgonjwa hubaki na ugonjwa wake. Wamo watoto wa pono, ambaye sisi twamtaja zaidi kwa usingizi wake, lakini katika Karibi ndiye mfyekaji mkuu wa mwani. Na hapa yapasa kukumbuka kwamba miamba ya bahari ile ilikwisha kupata pigo kabla mgeni hajaingia. Mwaka 1983 na 1984 maradhi yaliwaua karibu wote wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, ambao mtu akiwakanyaga hurudi nyumbani akichechemea, nao walikuwa wakiguguna mwani usiku kucha. Matumbawe yenye matawi yalikuwa yamekufa kwa ugonjwa mwingine. Chewa wakubwa walikuwa wamevuliwa hata wakawa adimu. Kazi yote ya kuzuia mwani usiyafunike matumbawe ilikuwa imemwangukia pono na wenzake wachache. Ndipo akaja mlaji wa watoto wao. Katika maji ya kina kirefu ya Bahama, ambako jua hufika kwa unyonge, watafiti walishuhudia baada ya uvamizi samaki walao mwani wakipungua na mwani ukitwaa mahali pa matumbawe na sifongo.

Haifai, hata hivyo, mtu kuokota hesabu za Bahama na kuzisambaza Karibi nzima, kosa ambalo magazeti mengi yamelitenda. Huko Los Roques, visiwa vya Venezuela, na katika miamba kadhaa ya Belize, watu waliofuatilia kwa miaka hawakuona upungufu wa jumla walioweza kumtwisha samaki-simba. Pengine idadi yake ilikuwa bado ndogo, pengine samaki wa kule hubadilika wenyewe mwaka hata mwaka kwa sababu nyingine, hata athari ya mgeni ikajificha ndani ya mawimbi hayo. Walakini katika Belize hiyo hiyo, kandokando ya visiwa vya mikoko, yuko samaki mdogo anayeitwa na mabingwa Halichoeres socialis, asiyepatikana popote pengine duniani, na ambaye tayari alikuwa katika daraja la waliokaribia kutoweka. Matumbo ya samaki-simba yaliyochunguzwa huko yakaonyesha kwamba karibu nusu ya chakula chao kilikuwa ni yeye. Mimi naona kwamba hesabu ya jumla huwasitiri wanyonge: jabali laweza kuonekana limejaa samaki, kumbe aina moja iliyokuwa na nchi moja tu imekwisha kuondoka.

Kwa nini basi hapa kwetu hakuna kilio hicho? Swali hilo liliulizwa kwa vitendo mwaka 2011, wakati Emily Darling na wenzake walipolinganisha miamba ya Kenya na ile ya Bahama, wakaona kwamba samaki-simba wa Bahama ni wengi zaidi na wakubwa zaidi kuliko nduguye aliyebaki kwao. Sababu haijakamatika yote mkononi. Wapo wanaosema kwamba huku kwetu yuko anayemla akiwa mchanga. Wengine wasema ni vimelea na maradhi. Wengine, ni msongamano wa wawindaji wengi wanaogombea windo lile lile. Ila ipo dalili moja inayoniridhisha kuliko nyingine. Watafiti waliomtazama samaki huyu akiwinda katika nchi zake za asili, Ufilipino na Guam, kisha wakamtazama Bahama na Cayman, waliona kwamba kule kwao hutumia zaidi hila ile ya kupuliza maji, na anachokipata ni kidogo kwa umbo; ilhali ugenini hupuliza mara chache, na windo lake huwa kubwa zaidi. Maana yake, kwa ufahamu wangu, ni kwamba nyumbani amezungukwa na samaki wamjuao, waliorithi hofu yake kizazi kwa kizazi, na mbele yao yampasa kutumia ujanja. Kule Atlantiki hahitaji ujanja, kwa kuwa anayeliwa hajui kwamba analiwa. Wahenga wetu waliposema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wamemfikiria mgeni wa namna hii.

Na yule wa kwetu hasa, Pterois miles, naye amekwisha kushika safari yake mwenyewe. Mmoja alipatikana pwani ya Israeli mwaka 1991, akawa kama mpita njia. Lakini tangu mwaka 2012, alipoonekana Lebanoni, ameenea Kupro, Rhodes, Tunisia na Sisilia, akitokea Bahari ya Shamu kwa njia ya Mfereji wa Suez, uliopanuliwa mwaka 2015. Huko hakupelekwa ndani ya tangi. Alifunguliwa mlango, na maji ya Bahari ya Kati, ambayo zamani yangalimwua kwa baridi, yamekuwa yakiongezeka joto.

Walichofanya watu ni kumgeuza mlaji awe chakula, na hapo hapana ubaya, maana sumu iko miibani tu, na miiba ikiisha kukatwa nyama yake ni nyeupe, laini, isiyo na shombo kali, ifaayo kwa kukaangwa au kutiwa ndimu na nazi. Shirika la REEF la Florida lilianza mwaka 2009 kuandaa mashindano ya kumwinda kwa mkuki. Mwaka 2014 jimbo hilo likapiga marufuku kumwingiza akiwa hai. Mwaka 2016 maduka makubwa ya vyakula ya jimbo hilo yakaanza kumwuza. Huko Belize wanawake wametengeneza hereni na mikufu kwa mapezi yake. Wako na wapiga mbizi waliojaribu kuwafundisha papa kumla kwa kuwalisha waliochomwa mkuki, jambo ambalo naliona la hatari zaidi kuliko la hekima, kwa kuwa papa aliyezoea kupokea chakula kutoka mkononi mwa mtu hamwulizi anayefuata kama ameleta au hakuleta.

Na kuwinda huko kwafaa, pale mkono unapofika. Green na wenzake walifanya hesabu ya kiwango ambacho samaki-simba akipunguzwa hadi hapo wenyeji hupata nafuu, na katika miamba ya Bahama iliyowekwa chini ya kiwango hicho samaki wadogo waliongezeka uzito kwa asilimia 50 hadi 70, bila ya kuwamaliza wageni wote. Hii ni habari njema kwa mlinzi wa jabali moja, aliye tayari kurudi kila baada ya miezi michache maisha yake yote. Maradhi nayo yalisaidia kwa muda: mwaka 2017 vidonda vya ngozi visivyojulikana chanzo vilizuka kaskazini mwa Ghuba ya Meksiko, na mwaka uliofuata idadi yao huko ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Hakuna aliyeyaita maradhi hayo, wala hakuna awezaye kuyaamrisha yarudi.

Mkono wa mpiga mbizi, hata hivyo, hauzidi mita thelathini au arubaini kwa usalama, ilhali samaki-simba ameonekana katika kina cha mita mia tatu. Na mayai ya hao wa kilindini hupanda juu kama ya wengine, yakachukuliwa na mkondo ule ule hadi kwenye miamba iliyosafishwa jana. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni fikira zimehamia kwenye mitego. Wavuvi wa kamba koche wa Florida na Bermuda walikuwa wakimkuta samaki huyu ndani ya mitego yao bila ya kumtafuta, lakini mtego wa kawaida, kama dema letu, humshika kila aingiaye, na ukipotea huendelea kuua peke yake chini ya maji. Steve Gittings, bingwa wa idara ya bahari ya serikali ya Marekani, alibuni wa namna nyingine: wavu uliolala wazi kabisa sakafuni mwa bahari, katikati yake pamesimamishwa kitu cha kuvutia, kwa kuwa samaki-simba hupenda kukusanyika palipo na kivuli na umbo, bila chambo chochote, samaki wengine hupita na kuondoka wapendavyo, na wavu haujifungi mpaka kamba ivutwe kwenda juu.